Sweta Themanini na Nne

Themi, Arusha
8 Novemba 2024

Mpendwa Mama Yiamat,

Shikamoo mama. Pole sana na mguu. Lerionka alipofika Jumanne na maziwa yake akasema umeteleza shambani na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mfupa ukavunjika na simu nayo ikavunjika hapo hapo chini yako, nilikimbia kumwambia bosi. Bosi Abdiel akauliza ni mguu gani, kana kwamba mmoja ungekuwa nafuu kuliko mwingine.

Nilipiga simu ya Baba Yiamat, lakini unaijua mwenyewe, ni spika tupu, nyumba nzima inaitikia. Ndiyo maana naandika. Lerionka amekubali kuwa posta wetu, maana Jumanne na Ijumaa pikipiki yake lazima ipite hapa.

Dukani tunakwenda. Unakumbuka wiki ile ya Oktoba tulivyobandika tegi, vile vibandiko vyenye namba, kwenye kila nguo, mashati, sketi, sweta, mpaka vidole vikaota sugu? Sasa faida yake naiona. Jana nilipita na skana, ile mashine mpya ya mkononi, kwenye rafu za mashati. Sijagusa shati, sijafungua boksi, naipitisha tu hewani kama mtu anayepulizia kahawa dawa, na yenyewe inaziita tegi kwa mawimbi ya redio, kila moja inaitika kwa namba yake. Mashati elfu moja mia mbili na sita kwa dakika nne. Mimi na wewe tungetumia siku mbili na ugomvi mmoja. Tena inatafuta. Unaiambia sketi ya bluu namba thelathini, unatembea nayo, inalia taratibu, ukikaribia inalia haraka haraka mpaka unaishika.

Kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Bosi amesema nikae kwenye kiti chako kwa sasa, kwa sababu waya wa kompyuta haufiki kwingine. Mama, wewe ndiye uliyenitoa kwaya ukanileta hapa nikiwa sijui hata kukunja shati. Ukipona utakuta kila kitu mahali pake.

Mwanao,
Diana


Olmotonyi
12 Novemba 2024

Mwanangu Diana,

Marahaba. Nimefungwa plasta kuanzia gotini, na daktari amesema wiki kumi na mbili nisiukanyage huu mguu. Kwa hiyo nitarudi tarehe tatu Februari, Mungu akipenda, sare zikiwa zimeshauzwa zote bila mimi.

Kiti kalia, ni mbao tu. Ila ule mto nimeushona mwenyewe, uweke kabatini. Na kikombe changu chenye ua jekundu sijasikia habari zake. Nauliza tu.

Dakika nne. Sawa. Mimi kwa miaka kumi na moja nimefungua stoo ile asubuhi, na nikisimama mlangoni nilikuwa najua. Nilijua shati limetoka hata kabla sijajua ni lipi. Baba yangu alikuwa hivyo kwa ng'ombe. Hakuwahesabu hata siku moja. Kwetu mtu hanyooshei mifugo kidole akataja idadi, huko ni kuiitia balaa. Jioni alisimama langoni wakiingia, akawatazama nyuso, akasema, yule mwenye doa sikioni hajarudi. Na kweli alikuwa hajarudi. Wala hakuweka mitamba yake yote boma moja. Mingine ilikaa kwa rafiki zake huku na huko, hata mama hakujua yote iko wapi. Ukimuuliza anacheka. Hiyo ndiyo stoo, Diana. Kutaja idadi na kujua ni vitu viwili.

Bosi alisema nini kuhusu hizo dakika nne? Usinifiche. Alitabasamu, au alishika kidevu kama anavyofanya akitaka kumsifu mtu bila kumwongezea mshahara?

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Usinune, huo ni utani wa mgonjwa. Kutwa nzima nakunywa loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando na kutazama ukungu ukishuka kutoka msituni, lazima nimtanie mtu.

Mama yako,
Namnyaki


Themi
22 Novemba 2024

Mpendwa Mama Yiamat,

Shikamoo mama. Mto uko kabatini, kikombe nimekifunga kwenye gazeti. Hakuna aliyekinywea.

Gidion, yule fundi wa mashine kutoka Dar, alirudi juzi. Nilimwonyesha kwamba kwenye rafu ya chuma iliyo ukutani skana inaruka vitu. Akacheka, akasema chuma ndicho adui wao mkubwa. Redio haipenyi bati. Ukiweka nguo yenye tegi ndani ya debe ukalifunika vizuri, skana itapita juu yake kama mgeni anayepita nyumba isiyo na mtu. Tumetandika mbao kwenye rafu na sasa inasoma. Nakueleza kwa sababu najua utataka kujua kila kitu ukirudi, na nimeanza kukuandikia daftari la maelezo kwa Kiswahili chepesi. Daftari la Gidion limejaa Kiingereza.

Umesema nisikufiche, basi sifichi. Bosi alishika kidevu. Kisha akanipiga picha nikiwa na skana mkononi, akaitundika ukutani juu ya kaunta, chini yake ameandika Mfanyakazi wa Mwezi. Nimeona aibu, wateja wananitazama mimi, halafu picha, halafu mimi. Mwezi wa pili anataka kunipeleka Dar wiki mbili kwa mafunzo. Nilimwambia ni afadhali aende Mama Yiamat. Akasema, Namnyaki na mashine ni paka na maji.

Nilicheka, mama. Nisamehe, lakini nilicheka.

Mwanao,
Diana


Olmotonyi
26 Novemba 2024

Mwanangu Diana,

Marahaba.

Nitasema wazi maana umri huu sina sababu ya kuzunguka. Nimeona wivu. Nimeisoma barua yako nikaiweka chini, nikamwita Baba Yiamat aninywishe maji. Miaka kumi na moja ukuta ule ulikuwa na kalenda ya benki na picha ya tausi. Haukuwahi kukosa nafasi ya picha yangu. Mafunzo ya Dar niliahidiwa mimi mwaka 2017, nikanunua hadi begi. Begi hilo sasa lina mbegu za maharage.

Asiyekuwepo na lake halipo. Wazee walijua.

Paka na maji. Haya. Muulize bosi wako kitu kimoja. Kila Januari, wiki shule zinapofunguliwa, wakati wazazi wa mlimani wamejaa mpaka barazani, nani anasimama katikati ya duka ameshika kichwa akisema, Namnyaki, sweta zimeisha? Ni yeye. Na nani anamwambia subiri, anaingia stoo peke yake, anatoka na sweta mikono miwili? Hajawahi kujua natoa wapi. Ananitazama kama nimezifuma usiku ule ule. Siku hiyo moja kwa mwaka, Diana, mimi ndiye mwenye duka.

Mwaka huu ataita jina la nani?

Huyo Gidion ana mke? Maana naona anakuja mara nyingi kuliko mbao zinavyohitaji.

Namnyaki


Themi
6 Desemba 2024

Mpendwa Mama Yiamat,

Shikamoo mama. Leo sina utani. Nina shida na sijui nianzie wapi.

Jana tulihesabu duka zima kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Kila kitu kimetimia isipokuwa sweta za kijani, zile nzito za shule za mlimani. Oktoba tulipobandika tegi kompyuta iliandika themanini na nne. Jana skana haikupata hata moja. Hakuna iliyouzwa, na hakuna iliyopita getini, maana nguo isiyolipiwa ikipita pale mlangoni geti linalia. Tumezunguka mara sita, stoo, dukani, mpaka chooni. Kimya.

Rafu yake niliikuta na soksi tangu ulipoondoka, nikadhani umezisogeza nyuma tu. Nilimwambia bosi tutafute kwa mikono. Akasema, kama ziko nyuma mashine ingezisema, mashine haina undugu na mtu. Anasema zimetoka geti likiwa limezimwa, na namba ya siri ya kulizima tunayo watu wawili, yeye na mimi. Wewe amekataa usisumbuliwe. Anasema Namnyaki aliacha stoo imetimia, kompyuta yenyewe ni shahidi.

Nilipiga simu ya Baba Yiamat, akasema umelala. Nikashindwa kulitamka neno wizi mbele ya ile spika.

Mama, wewe unaijua stoo kama kiganja chako. Kabla hujaondoka ulizihamisha? Niambie hata neno moja, Lerionka aniletee Jumanne. Bosi amenipa mpaka tarehe kumi na tatu.

Mwanao,
Diana


(Barua hii haikutumwa)

Olmotonyi
9 Desemba 2024

Diana mwanangu,

Ziko kwenye matranka. Yale sita ya bati tunayowauzia wanafunzi wa bweni, juu kabisa upande wa dirisha, yaliyofungwa nailoni. Kila moja lina sweta kumi na nne.

Sikuziiba na wala sikutaka kumtega mtu. Ndivyo nifanyavyo kila mwaka mwishoni mwa Oktoba. Zikikaa nje, wazazi wa mjini wenye hela za mapema wanazibeba zote, na mama wa huku juu anayeuza ndizi mpaka siku ya mwisho anakuta rafu tupu. Nazipanga ndani ya matranka mapya, nayafunga tena na nailoni yake ya kiwandani, na hakuna anayeyagusa mpaka Januari. Ni mitamba ya baba, nimeiweka kwa rafiki. Mwaka huu nilizipanga jioni moja baada ya zile tegi, wewe ulikuwa umeenda mazoezi ya kwaya. Sikukumbuka bati wala redio. Sikujua habari ya bati mpaka wewe uliponiandikia.

Sasa najua. Niliposoma barua yako sikufika hata mwisho, nikawa nimeshajua. Na nitakuambia kitu cha kwanza nilichokihisi, maana barua hii naiandika ili nijione. Nilifurahi. Mashine yao imesimama chini ya sweta themanini na nne na haioni hata moja. Nilicheka peke yangu kitandani mpaka plasta ikanibana.

Kisha nikafikiria nitakapokuandikia. Utapanda ngazi, utayashusha, bosi atashika kidevu. Watasema Diana amezipata. Picha nyingine itapigwa. Na Januari nikiwa hapa kitandani, siku yangu ile moja utakuwa umeifungua wewe kwa mkasi mwezi mzima kabla.

Acha ningoje kidogo tu. Mpaka tarehe kumi na tatu kuna siku nne. Bosi atatafuta, atahangaika, atatuma gari lije kuniuliza mimi mwenyewe, Namnyaki, ziko wapi. Akija nitamwambia. Hilo tu ndilo ninalolitaka, aje aniulize.

Barua hii naiweka ndani ya kitabu cha nyimbo.


Olmotonyi
10 Desemba 2024

Mwanangu Diana,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Mguu unauma na dawa zinanilevya, mambo ya Oktoba siyakumbuki vizuri.

Wewe una skana inayoita vitu vikaitika. Iulize tena. Na bosi akitaka kuniuliza neno, njia ya Olmotonyi anaijua.

Namnyaki


Kwa Mrombo, Arusha
17 Desemba 2024

Mpendwa Mama Yiamat,

Shikamoo mama. Naandika nikiwa chumbani kwangu, mizigo imefungwa.

Nimesimamishwa kazi Ijumaa. Nilimwambia bosi akuulize wewe, akasema mgonjwa haulizwi kosa la mzima. Alinikagua mkoba mbele ya wateja, kisha akaniambia nipite getini. Geti halikulia. Mama mmoja aliyekuja kununua soksi alisema, basi si mwizi, na watu wakacheka, nami nikacheka nao kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu. Picha wameiondoa. Amesema akipata sweta zake au thamani yake hatakwenda polisi, na amenipa mpaka shule zifunguliwe. Bei yake unaijua. Mshahara wangu unaujua pia.

Kesho naenda nyumbani Poli. Kikombe chako nimemwachia mlinzi, yule mzee Dismasi, bado kiko kwenye gazeti. Daftari la maelezo lilifika ukurasa wa ishirini, liko kwenye droo ya kiti chako.

Usijisumbue kwa kutokukumbuka. Ugonjwa ni ugonjwa, na mimi ndiye nilikuwa na skana. Uniombee tu.

Mwanao,
Diana


Poli
26 Desemba 2024

Kwa Mama Yiamat,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Ruth Nanyaro, mama yake Diana. Hatujaonana tangu siku ile ya kwaya ulipokuja kutuomba tumruhusu binti aje kufanya kazi nawe mjini. Pole kwa mguu. Kesho nitashuka na mkungu huu wa ndizi mpaka Themi nimkabidhi Lerionka. Ni ndizi za mtori, zinafaa kwa mtu mwenye mfupa unaounga.

Siandiki kulaumu. Diana ametueleza yote. Baba yake amemsikiliza, akasema anamwamini, lakini maneno yalifika huku kabla ya binti kushuka kwenye gari. Mume wangu Yona ni mzee wa kanisa, miaka kumi na tisa yeye ndiye anayepitisha kapu la sadaka. Krismasi alimpa mwenzake kapu, akaenda kuketi benchi la nyuma karibu na mlango. Ibada nzima sikugeuka, niliogopa kumwona ameketi pale.

Binti hali chakula vizuri. Asubuhi anakata majani ya ng'ombe, jioni anakaa. Nikimwambia labda wenzake kazini wanajua kitu, anakasirika. Anasema, Mama Yiamat angekuwa anajua angesema.

Ninaomba jambo moja kama mama kwa mama. Bosi anakuheshimu. Mwandikie mstari mmoja tu kwamba mwanangu si mwizi, ukiona moyoni mwako kwamba si mwizi.

Ruth Nanyaro


Olmotonyi
31 Desemba 2024

Diana,

Kabla hujasoma hii, Lerionka atakuwa ameshapita dukani na kikaratasi changu kwa bosi. Nimeandika mstari mmoja: Fungua matranka sita ya juu, upande wa dirisha. Nimemwagiza asiondoke mpaka aone yamefunguliwa. Kwa hiyo jina lako limeshasafishwa, au linasafishwa sasa hivi unaposoma.

Mama yako ameniletea ndizi. Zimekaa pembeni ya kitanda siku nne, Baba Yiamat anauliza kwa nini hazipikwi, namwambia hazijakomaa. Anajua zimekomaa.

Jana niliandika barua nyingine. Ilikuwa nzuri. Ilisema, Diana mwanangu, Mungu ni mwema, usiku wa leo nimekumbuka ghafla, sweta ziko kwenye matranka, dawa zile zilinipoteza akili. Ungeniamini. Ungelia kwa furaha na kunishukuru, na mama yako angeniletea mkungu mwingine. Niliikunja, nikatafuta bahasha, na bahasha nazihifadhi kwenye kitabu cha nyimbo. Nikakutana na ile ya tarehe tisa.

Nimeichana ile nzuri. Naambatanisha ya tarehe tisa kama ilivyo, sijafuta kitu. Utaona nilijua mara tu niliposoma swali lako. Utaona nilicheka. Nilikuwa namngoja Abdiel aje kuniuliza, naye hakuja, na kila siku aliyokosa kuja nikakuongezea wewe. Krismasi watu walipokuja kuniombea hapa kitandani niliwaambia mguu unaendelea vizuri.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wewe hukuwa hata mnyonge. Ulikuwa unaniandikia daftari.

Mwambie baba yako arudi benchi lake. Sijui nitamwambiaje mwenyewe.

Namnyaki


Themi
7 Januari 2025

Bi. Namnyaki Lesikar,

Barua zako mbili nilizipata Alhamisi, mama alinisomea ya kwanza na mimi nikasoma ya pili peke yangu.

Matranka yalifunguliwa. Sweta zilikuwa themanini na nne. Skana ilianza kulia tranka la kwanza lilipofunuliwa, Lerionka anasema bosi aliruka. Alinipigia simu jioni ile ile, akaja mpaka Poli Jumamosi, akaomba radhi mbele ya baba na mama. Jumapili baba alishika kapu.

Nimerudi kazini kwa sababu shule zinafunguliwa Jumatatu ijayo na bosi hana mtu. Mambo ya baadaye sijaamua.

Gidion aliniambia habari ya bati, mimi nikakuandikia wewe kwa mkono wangu. Sikuunganisha. Wewe uliunganisha kwa kusoma mara moja. Nimelifikiria hilo sana. Una akili kuliko mashine na kuliko mimi, na ulikuwa nayo siku zote ishirini na mbili.

Bosi hakuniuliza ulijua lini. Aliuliza tu ziko wapi, na alishapata jibu. Anaamini ulikumbuka. Anamwambia kila mteja kwamba hakuna mashine inayomfikia Namnyaki. Aliniomba picha yako, nikamtafutia ile ya kwenye sherehe ya kwaya, uliyovaa kitenge cha njano. Ameiweka kwenye fremu. Chini yake imeandikwa Mfanyakazi wa Mwaka. Iko pale ilipokuwa yangu, nimeipigilia msumari mwenyewe kwa sababu mimi ndiye ninayejua kutumia ngazi.

Kiti chako nimekirudishia mto. Nimehamisha waya wa kompyuta, kumbe unafika.

Diana Nanyaro


Olmotonyi
10 Januari 2025

Diana,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma maneno. Mara ya pili na ya tatu nilikuwa natafuta shikamoo. Nimetafuta juu, nimetafuta mwisho karibu na jina, nimegeuza karatasi nyuma. Haimo. Siidai, nakueleza tu kwamba nimeona haimo, maana kuona kisichokuwepo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Miaka kumi na moja niliutamani ukuta ule. Sasa nalala nikiifikiria picha hiyo na kitenge changu cha njano, na msumari uliopigiliwa na wewe. Leo Lerionka amebeba barua mbili. Hii ni yako. Ya pili ni ya Abdiel, na ndani yake nimeandika tarehe: sita Desemba uliponiuliza, tisa nilipojua na kuandika, kumi nilipokudanganya. Nimemwambia aishushe picha. Akinifukuza kazi atakuwa na haki, na mtoto wangu Yiamat atasikia sababu kutoka kwangu mimi. Mama yako pia nimemwandikia. Hiyo itapelekwa Poli Baba Yiamat akipata nafasi, nataka ipelekwe na mtu wa nyumba yangu.

Ndizi tulizipika jana.

Kama bado nina kazi, nitakuja tarehe tatu Februari na magongo yangu. Kiti kaa wewe. Nitakapoingia mlangoni sitangoja uniamkie kama mtu mzima anavyongoja. Nitakusalimu mimi kwanza, na usipoitika nitakwenda stoo nianze kukunja mashati.

Namnyaki